Kijana mmoja, wasomaji wawili: uchambuzi wa kisa cha AS

Mwaka 1999 jarida la Cognition lilichapisha kisa cha kijana wa miaka 16 ambaye watafiti walimtaja kwa herufi mbili tu, AS, ili kumsitiri. Waandishi walikuwa Taeko Wydell na Brian Butterworth. AS alizaliwa Japani, akakulia huko na kusomea shule za Kijapani. Baba yake ni Mwaustralia, mama yake Mwingereza, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kiingereza. Alizungumza lugha zote mbili bila tabu.

Tabu ilianza kwenye maandishi. Kijapani alikisoma kwa kiwango cha wanafunzi wa chuo kikuu, hata cha waliokwisha kuhitimu, na yeye bado ni mwanafunzi wa sekondari. Kiingereza, lugha ya wazazi wake, kilimwangusha kila upande: kusoma maneno, kuyaandika kwa tahajia sahihi, na kuzichambua sauti zilizomo ndani yake. Na hapa ndipo kisa kinapokuwa na nguvu. Matokeo yake ya Kiingereza yalikuwa duni hata yalipolinganishwa na ya Wajapani wa rika lake, vijana ambao Kiingereza kwao ni somo la darasani tu.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi katika mijadala ya disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uchache wa akili wala wa mafunzo, na wengi huondoka nacho kwa haraka wakiwa na hitimisho kwamba disleksia ni ugonjwa wa Kiingereza, na kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye lugha yenye maandishi mepesi amesalimika. Mimi nakisoma kinyume kabisa. Udhaifu wa AS alikuwa nao siku zote, alipokuwa na kitabu cha Kijapani mkononi na alipokuwa na cha Kiingereza. Maandishi ndiyo yaliyoamua uonekane wapi. Tofauti hiyo si ya wanataaluma peke yao, kwa sababu mtoto anayeaminiwa kuwa amesalimika hakuna atakayemtazama.

Sababu za karibu na kwa nini hazitoshi

Jibu la kwanza litakalomjia mtu ni kwamba kijana hakufundishwa Kiingereza vya kutosha. Shule yake ilikuwa ya Kijapani, basi angejua vipi? Hoja ina uzito mpaka utazame wenzake. Nao walisoma shule za aina hiyo hiyo, tena bila wazazi wanaozungumza Kiingereza kutwa nzima. Uchache wa mafunzo ungekuwa ndio kisababishi, wao ndio wangeshindwa zaidi. Waliongoza.

Kuhusu akili, kijana anayesoma Kijapani kwa kiwango cha chuo kikuu amekwisha kujibu swali hilo mwenyewe. Orodha rasmi ya alama za kanji, mojawapo ya mifumo ya maandishi ya Kijapani, wakati huo ilikuwa na alama 1,945 (leo ni 2,136), na mwanafunzi hutakiwa kuzijua takriban 1,000 kabla hajamaliza shule ya msingi. Hilo linafunga pia mlango wa macho na kumbukumbu ya maumbo. Alama 待, yenye maana ya kungoja, na 持, yenye maana ya kushika, zinatofautiana upande wa kushoto peke yake, kwa mistari midogo. Jicho linalozipambanua alama kama hizo kwa maelfu haliwezi kulaumiwa kwa kuchanganya b na d. Uvivu nao unatoka kwa sababu iyo hiyo: mvivu hajifunzi kanji.

Kilichobaki ni sauti. AS alifanya vibaya katika vipimo vya fonolojia, yaani vile vinavyompima mtu kama anaweza kulipasua neno alilolisikia na kuvigusa vipande vyake kimoja kimoja. Kwa msomaji wa Kiswahili, jaribio la namna hii huwa hivi: ondoa sauti ya kwanza ya neno "kata", useme kinachobaki. Ni "ata". Au badilisha sauti za mwanzo za "sahani" na "kikombe", upate "kahani" na "sikombe". Anayesoma kwa wepesi huona ni mchezo wa sekunde mbili. Mwenye disleksia ya kifonolojia anaweza kukaa na jambo hilo muda mrefu, akalisema neno zima tena na tena, asipate pa kulishikia. Hakuna herufi katika jaribio hili wala kitabu, ni mdomo na sikio tu, na bado ndilo lililo karibu zaidi na chanzo cha tatizo.

Jicho linapokutana na neno

Kuelewa kwa nini udhaifu huo ulimwacha AS salama katika Kijapani, tuangalie kazi ambayo kila maandishi yanamtaka msomaji aifanye.

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa ndani ya sentensi moja. Hiragana ina alama 46 za msingi, na kila alama ni kipande kizima cha sauti. Alama か ni "ka". Haina k upande mmoja na a upande mwingine, na mtoto hatakiwi kuzitenganisha hata siku moja. Katakana inafuata mpango ule ule, nayo hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni. Halafu zipo kanji, alama zenye asili ya Kichina, ambazo husimamia neno au sehemu ya neno yenye maana.

Chukua 大人, neno la mtu mzima. Alama ya kwanza ikiwa peke yake husomwa "dai" au "oo", na ya pili "jin", "nin" au "hito". Zikikaa pamoja katika neno hili husomwa "otona". Hakuna "oto" iliyofichwa katika alama ya kwanza wala "na" katika ya pili. Msomaji hana pa kuanzia kuunganisha sauti, ama analijua neno lote kama lilivyo, ama halijui. Kanji basi ni ngumu kwa namna yake, lakini ugumu huo haumlazimishi msomaji kuipasua sauti hadi chembe yake ya mwisho.

Kiingereza humlazimisha, kisha humwadhibu kwa kufanya hivyo. Herufi zake 26 zinasimamia sauti ndogo kabisa, zipatazo 44 kwa hesabu ya kawaida, na kila herufi au kundi la herufi linaweza kugeuka sauti kulingana na neno. Maneno "though", "through", "tough" na "cough" yote yanaishia kwa herufi zile zile nne, na herufi hizo hutamkwa kwa namna nne tofauti. Mwanafunzi anahitaji kwanza azisikie sauti za neno moja moja, kisha akumbuke ni tahajia ipi imechaguliwa kwa neno hilo. Mzigo wa kwanza unaangukia pale pale palipo na jeraha la AS, na wa pili unamnyima nafasi ya kujirekebisha kwa kanuni.

Wydell na Butterworth waliyakusanya haya katika nadharia ya mihimili miwili: uwazi wa maandishi, na ukubwa wa kipande cha sauti ambacho alama inakisimamia. Maandishi yakiwa wazi, alama moja kwa sauti moja, disleksia ya kifonolojia haitakuwa ya kawaida, kipande kiwe kidogo au kikubwa. Kipande kikiwa kikubwa, silabi au neno zima, haitakuwa ya kawaida hata maandishi yasipokuwa wazi. Hatari inakaa mahali ambapo kipande ni kidogo na maandishi hayako wazi. Hiragana inapona kwa mihimili yote miwili, na kanji kwa mmoja. Kiingereza hakina kinga.

Tarakimu za Percy

Kuna mwangwi wa zamani wa jambo hili ambao hunisisimua kila ninapourudia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika British Medical Journal kuhusu kijana wa miaka 14, Percy, aliyekuwa mwerevu na mwepesi wa michezo lakini hakuweza kujifunza kusoma. Hata jina lake aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema angekuwa wa kwanza shuleni kama mafundisho yote yangetolewa kwa mdomo. Percy huyo huyo alizisoma tarakimu bila shida, na hesabu za kuzidisha namba za tarakimu tatu alizifanya haraka na kwa usahihi.

Tarakimu 7 ni alama moja inayosimamia neno zima. Kwa lugha ya nadharia ya AS, ni kipande kikubwa, na Percy alikuwa anasoma kitu kilicho jirani ya kanji. Daktari wake hakuwa na njia ya kulitambua hilo. Mwaka 1971, Paul Rozin na wenzake walichapisha katika Science jaribio lililolifikia kwa makusudi. Waliwachukua watoto wa Kimarekani walioshindwa kusoma Kiingereza, wakawafundisha alama 30 za Kichina zilizopewa maana za maneno ya Kiingereza, na watoto hao wakasoma sentensi zilizoundwa kwa alama hizo baada ya saa chache tu za kufundishwa. Jaribio lile lilikuwa dogo, na alama 30 si elfu mbili, kwa hiyo halikuthibitisha kwamba Kichina ni dawa. Lakini liliwaondolea watoto wale lawama moja nzito, kwamba hawawezi kuunganisha alama na maana.

Dai la kwamba Wajapani hawana tatizo hili

Sasa tufike kwenye hitimisho la haraka nililolitaja mwanzo. Lina historia. Mwaka 1968 Kiyoshi Makita alichapisha utafiti uliowauliza walimu wa Japani kuhusu wanafunzi wenye shida ya kusoma, na kiwango alichopata hakikufika asilimia 1. Akasema kwamba aina ya maandishi ndiyo sababu kubwa ya tofauti kati ya Wajapani na mataifa ya Magharibi. Dai hilo liliishi kwa muda mrefu, na nadhani liliwaumiza watoto wengi kwa ukimya wake.

Udhaifu wa utafiti ule uko kwenye chombo chake. Mwalimu akiulizwa nani ana shida, atawataja wale ambao shida yao inafanana na kile anachokijua kuwa ni shida. Mwaka 1982 Harold Stevenson na wenzake waliwapima watoto wenyewe, Japani, Taiwan na Marekani, na wakakuta wasomaji wenye shida kubwa katika nchi zote tatu. Kisha mwaka 2009 Akira Uno na wenzake walitoa takwimu zinazostahili kusomwa polepole. Watoto wa shule ya msingi waliokuwa na ugumu wa kusoma walikuwa asilimia 0.2 katika hiragana, 1.4 katika katakana, na 6.9 katika kanji. Ugumu wa kuandika ulikuwa asilimia 1.6, 3.8 na 6.0.

Katika nchi moja, na kwa watoto wale wale, swali "ni wangapi wana shida ya kusoma" lina majibu matatu kwa kutegemea karatasi iliyowekwa mbele yao. Anayepima hiragana ataandika kwamba tatizo halipo kabisa. Anayepima kanji atapata kiwango kinachokaribia kile kinachotajwa kwingineko duniani.

Asilimia 6.9 ya kanji inaibua pia swali kwa nadharia ya Wydell na Butterworth, na sipendi likwepwe. Kama kipande kikubwa kinalinda, mbona watoto hao wanashindwa? Jibu langu ni kwamba nadharia inahusu disleksia ya kifonolojia peke yake, na hapo inasimama. Haikusema kwamba kumbukumbu ya maumbo, msamiati au kasi ya kutaja majina ya vitu haviwezi kumkwamisha mtu. AS alikuwa na nguvu pale ambapo watoto wa kanji ni dhaifu. Kwa hiyo kinyume chake kinawezekana pia: mtoto anayeshindwa katika Kichina na kupita katika Kiingereza. Tafiti za Hong Kong zimewakuta watoto wa namna hiyo. Zimekuta vilevile wengi wanaoshindwa katika lugha zote mbili, jambo linaloonyesha kwamba mgawanyiko safi kama wa AS hauwapati wengi.

Maandishi yaliyo wazi humficha nani

Hapa ndipo kisa kinapowagusa wasomaji wa lugha kama Kiitaliano, Kifini, Kihispania na Kiswahili. Maandishi yetu yako wazi, na tunajivunia hilo kwa haki. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya walipomaliza mwaka wa kwanza wa kufundishwa kusoma. Watoto wa Kifini, Kigiriki na Kijerumani walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, takriban asilimia 98. Wa Kifaransa walifika 79, wa Kidenmaki 71. Wa Kiingereza, waliopimwa Uskoti, walifika 34. Ni kweli kwamba watoto wa Uskoti huanza wakiwa wadogo zaidi, lakini umri peke yake hauelezi pengo la ukubwa huo.

Katika darasa ambalo karibu kila mtoto anasoma kila neno kwa usahihi, mwenye disleksia anajificha wapi? Heinz Wimmer alilijibu swali hili mwaka 1993 kwa watoto wa Kijerumani: wanasoma sahihi, ila polepole mno. Miaka minne baadaye Karin Landerl, Wimmer na Uta Frith waliwapa watoto wenye disleksia wa Kiingereza na wa Kijerumani maneno yanayofanana katika lugha hizo mbili. Watoto wa Kiingereza walikosea mara nyingi zaidi kwa mbali, ingawa ugumu wa kuchambua sauti walikuwa nao wote.

Tulete hili kwenye Kiswahili. Mbele ya mtoto kuna neno "watakapotusaidia". Herufi zote anazijua. Anaanza: wa, ta, ka, po, anavuta pumzi, tu, sa, i, di, a. Hakuna silabi aliyokosea, na mwalimu anayehesabu makosa ataweka sifuri. Lakini alipofika "dia" mwanzo wa neno ulikwisha kupotea, na ni mwanzo ule uliobeba nani na lini. Ataulizwa maana ya sentensi, atanyamaza. Ataambiwa hakusikiliza. Maneno ya Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo ndani ya umbo moja, hivyo msomaji wa polepole analipa gharama kubwa kuliko inavyoonekana kwa kuhesabu silabi zilizotamkwa vizuri.

Tahajia nayo hutoa dalili kwa anayeitazama kwa makini. Mtoto anaandika "siba" akikusudia simba, au "goma" akikusudia ngoma, kwa sababu sauti ya pua iliyoshikamana na konsonanti ni ngumu kuitenga kwa sikio. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa makosa ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, na kichwa cha makala yao kinasema wazi kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni si kazi nyepesi. Si kila kosa la namna hii ni disleksia, maana mengine yanatoka kwenye lafudhi au lugha ya kwanza ya mtoto. Lakini kosa linalobaki pale pale baada ya wenzake wote kuliacha linastahili kufuatiliwa.

Kwa maandishi ya wazi, kipimo chenye faida kubwa ni kile kisichohitaji herufi: safu za rangi, picha au tarakimu anazozijua mtoto vizuri, aombwe kuzitaja kwa mfululizo haraka awezavyo, huku muda ukipimwa. Martha Denckla na Rita Rudel walionyesha mwaka 1976 kwamba kasi hiyo huwatofautisha watoto wenye disleksia na wengine, na tangu hapo kipimo hicho kimetumika katika lugha nyingi.

Kiebrania na Kiarabu vinaongeza sura nyingine, nami nitaigusa kidogo tu. Naama Friedmann na wenzake wameeleza disleksia ya mpangilio wa herufi, ambapo msomaji huhamisha herufi za katikati ya neno. Katika Kiebrania, ambacho kwa kawaida huandikwa bila irabu, uhamishaji huo mara nyingi huzaa neno jingine lililo halali, kwa hiyo kosa huonekana sana. Katika Kiarabu herufi hubadili umbo kulingana na mahali ilipo, na uhamishaji unaolazimisha umbo kubadilika hutokea mara chache. Mfumo wa maandishi unaweza kumlinda mtu kwa jambo dogo kama mkia wa herufi.

Ubongo unasema nini

Eraldo Paulesu na wenzake, mwaka 2001, waliwapiga picha za ubongo watu wazima wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao wa lugha zile mbili, lakini wote walikuwa na upungufu wa utendaji katika eneo lile lile la upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 2004 Wai Ting Siok na wenzake wakaja na picha tofauti kwa Kichina: upungufu ulionekana katika sehemu ya mbele ya kushoto. Wengi wakadhani sasa kuna disleksia mbili. Mwaka 2010 utafiti ulioongozwa na Wei Hu ukawaweka wasomaji wa Kichina na wa Kiingereza katika jaribio moja, na ukakuta kwamba walio na disleksia wa lugha zote mbili walifanana kwa kiasi kikubwa. Mjadala haujafungwa. Ila AS anaukaribia kwa njia ambayo makundi hayawezi, kwa kuwa ubongo wake ni mmoja, familia moja, malezi mamoja, na maandishi peke yake ndiyo yanayobadilika.

Mipaka ya kisa

Mtu mmoja hawezi kutupa asilimia. Hatuwezi kusema kutokana na AS ni watoto wangapi wa lugha mbili watashindwa katika moja tu. Anachoweza ni kuvunja dai la jumla, na alilivunja: lile lisemalo kwamba mwenye disleksia lazima aonekane hivyo katika kila lugha anayoisoma.

Mwaka 2003 Wydell, safari hii pamoja na Tadahisa Kondo, alichapisha ufuatiliaji wa kijana yule. Udhaifu wa kifonolojia ulikuwa bado upo, na katika kusoma Kiingereza AS alikuwa akitegemea umbo la neno kwa ukaribu: analiona neno, analifananisha na lile analolijua lenye sura hiyo, anaendelea. Ni mbinu ya msomaji wa kanji iliyohamishiwa kwenye alfabeti. Inamfikisha mbali katika matini yenye muktadha wa kutosha, kisha inamwangusha akikutana na jina geni au istilahi mpya ambayo haina wa kufanana naye.

Akifika mtoto wa namna hii

Waza kwamba AS angepimwa na mtu mwenye vipimo vya Kiingereza peke yake. Angeandikiwa kuwa hawezi kusoma, na pengine angepewa ushauri wa kuacha Kijapani ili lugha mbili zisimchanganye. Ushauri huo bado unatolewa kwa wazazi wengi, na hauna msingi: lugha mbili hazisababishi disleksia, na kumnyang'anya AS Kijapani kungekuwa kumnyang'anya elimu yake yote. Waza tena kwamba angepimwa kwa Kijapani peke yake. Angeambiwa hana tatizo lolote, na Kiingereza chake kibovu kingeitwa dharau kwa lugha ya wazazi wake. Ripoti zote mbili zingetumia vipimo halali, na zote mbili zingemkosea.

Mwaka 2008 David Share alilalamika kwa maandishi kwamba utafiti wa kusoma umejengwa juu ya Kiingereza kupita kiasi, lugha ambayo maandishi yake hayafanani na mengine. Madhara yake yanafika hadi kwenye meza ya mshauri wa shule. Vipimo vinavyohesabu makosa vilibuniwa kwa lugha ambayo makosa ndiyo dalili kuu. Vikitafsiriwa na kupelekwa kwenye lugha iliyo wazi, vinawapitisha wale wale vilivyokusudiwa kuwakamata.

Kwa hiyo ningetaka mtoto asikilizwe akisoma katika kila lugha anayofundishwa kusoma, saa ikiwa mezani. Apewe na maneno ya kubuni, yasiyo na maana, kwa sababu hayo hayawezi kukisiwa kwa umbo. Apimwe sauti kwa mdomo, na kasi ya kutaja. Wazazi waulizwe kama wapo wengine katika ukoo waliohangaika na kusoma, maana hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mzazi aliyeitwa mzito utotoni huenda hajawahi kuambiwa kwamba kulikuwa na maelezo mengine.

Matokeo yakija, msaada ufuate lugha. Kwa Kiingereza, AS alihitaji kufundishwa wazi wazi uhusiano wa sauti na herufi, hatua kwa hatua, huku akisikia na kuandika kwa pamoja. Kwa msomaji wa polepole wa lugha iliyo wazi, mazoezi ya kusoma kwa kurudia matini ile ile hadi iteleze, na muda wa ziada katika mtihani, yana faida kuliko kumrudisha kwenye a, e, i, o, u ambazo anazijua tangu zamani. Maarifa ya masomo mengine, historia, sayansi, yapitie lugha anayoisoma vizuri wakati ile nyingine inajengwa. Kwenye ripoti yake nafasi ya utambuzi ijazwe mara mbili, Kijapani na Kiingereza, na chini yake mstari mmoja unaozihusu zote: anahitaji msaada wa kuchambua sauti, hata katika lugha anayofaulu.